Ufunguo wa Tatu

Mdomo unune, mkono ufungue. Mmemsikia mama yenu akisema hivyo, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi, tena niwaambie mapema: aliyenuna ni mimi.

Kikoba chetu, chama cha wanawake cha kuweka na kukopa, kilikuwa na sanduku la hela la chuma lenye makufuli matatu. Wenye funguo tulikuwa watatu: Nyamizi, Mama Kulwa na mimi. Kila mmoja anafungua kufuli lake kwa mkono wake, tena Alhamisi tu, labda itokee shida ya kufa na kupona. Tuliwaogopa waume zetu, na wenyewe kwa wenyewe tukaogopana.

Alhamisi moja simu yangu ikalia kikaoni. Mwenzetu mmoja, Siwema, mimba yake ishakuwa kubwa, akadakia: "Faini! Sheria ni sheria!" Wote wakacheka. Nikalipa, nikanuna. Na mimi nikinuna si wa siku moja, muulizeni marehemu babu yenu.

Jumatatu yake, saa nne asubuhi, nipo uani namenya karanga. Nyamizi akaingia mbio, hata hodi hakupiga.

"Siwema ana uchungu tangu jana. Mkunga anasema mtoto kakaa vibaya, apelekwe hospitali ya wilaya. Mwenye gari anataka mafuta. Njoo na ufunguo!"

"Leo si Alhamisi."

"Unasemaje?"

"Sheria ni sheria. Si alisema mwenyewe?"

"Mwenzangu, damu inamtoka!"

Moyo ulinidunda, ila mdomo ulishatangulia. Nikamenya karanga nyingine. "Vunjeni."

"Mumewe kapiga shoka mpaka mpini umekatika. Msimu huu wa kulima nani ana hela ndani? Basi nipe huo ufunguo nikafungue mimi."

"Hapewi mtu."

Nilijua atanitukana. Badala yake akachuchumaa mbele yangu, anahema.

"Mwaka jana ulipopasuliwa tumbo, unajua nilikuwaje na wewe? Kuku wako walikuwa wamemaliza mbegu zangu za alizeti. Nilikuja na ufunguo nimenuna, nikafungua nimenuna, nikarudi kwangu nimenuna. Sijakwambia umsamehe Siwema. Nuna! Mdomo unune, mkono ufungue."

Ungo wa karanga ukapinduka. Tulikimbia hadi penye sanduku, kanga ikanidondoka njiani, sikugeuka.

Mama Kulwa alikuwa ameshafungua lake. Nyamizi akafungua. Ufunguo wangu ukagoma mara mbili. Garini Siwema alikuwa amenyamaza, na kunyamaza kule kulitisha kuliko mayowe. Mara ya tatu kufuli likaachia. Dereva alizikwapua hela akaondoka.

Siku ile hakuna aliyekula. Jua linazama ndipo mumewe akapiga simu: mama mzima, mtoto mzima. Daktari alimwambia wangechelewa kidogo tu, angerudi na maiti.

Wiki mbili baadaye Siwema alinikuta kisimani, akanisalimia. Sikuitikia. Hapo hasira ilishakwisha, wanangu, ilibaki aibu, na aibu nayo hununa. Akaninyooshea mtoto. Nikampokea kwa mikono miwili, uso nimeugeuzia kando.

Akacheka yule dada, akacheka mpaka akashika mshono wake. Kumbe Nyamizi alishamsimulia yote.

"Sawa, dada yangu. Mdomo unune, mkono ufungue."