Sauti ya Opio Ndani ya Diski

Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini mwiba waliujua. Walimwona mtu akichomwa kidogo tu unyayoni, akacheka, akaendelea kulima, na mwezi haukuisha kabla mguu haujavimba akashindwa kuuinua. Ndipo wakanena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Akiror wa Busia aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na alikuwa amewapigia wenzake mara nyingi. Kuijua hakukumfaa kitu.

Akiror alikuwa mjane na mfanyabiashara wa mahindi upande wa Uganda, mwanamke asiyejua kukaa kitako. Stoo yake ilisifiwa hadi ng'ambo ya mpaka. Magunia yakichelewa kutoka, hakuwalaumu wapagazi. Alisema stoo imepangwa ovyo, akaamuru kila gunia lishushwe na kupangwa upya, na kazi ikaenda mbio. Kwa miaka kumi na minane dawa hiyo haikumwangusha hata mara moja, na huko ndiko alikopotelea.

Sebuleni kwake palikuwa na kompyuta ya mezani iliyoachwa na marehemu mumewe, Opio. Ndani yake mlikuwa na kitu kilichoishinda stoo nzima kwa thamani. Kabla saratani ya koo haijamnyamazisha, Opio alirekodi maneno ya kumbariki binti yao wa pekee, Atai, yachezwe siku ambayo wakwe wataleta ng'ombe. Akiror ndiye aliyemshikia simu. "Asisikie mpaka siku hiyo," Opio aliagiza. Maneno yakahamishiwa kwenye kompyuta, na baadaye simu ikaibwa sokoni. Akiror mwenyewe hakuyasikiliza tena, maana moyo ulimkataa. Sasa wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi.

Tangu Pasaka kompyuta ilikuwa imeanza kuzembea. Ukiiwasha, unachemsha chai, unakunywa, unaosha kikombe, nayo ndiyo kwanza inafunguka. Akiror alicheka tu, akasema imezeeka kama mwenyewe. Atai alipoanza kusikia mlio mdogo ndani ya mashine, tik, tik, alimsihi mama yake amwite Obbo, fundi wa makamo kutoka Tororo. Zilipita wiki sita kabla hajaitwa.

Obbo alifika Jumanne. Alikaa mbele ya mashine asubuhi nzima, akizima programu moja baada ya nyingine, akisafisha vumbi, akibadilisha waya. Mwisho aliinamisha sikio karibu na sanduku, akatulia kama daktari.

"Mama Atai, mimi naangalia kila kitu," alisema. "Virusi hakuna. Memori iko ya kutosha. Lakini diski nafanya kazi mia kwa mia hata kama hujafungua kitu. Sikia hiyo tik-tik. Hiyo diski nakufa."

"Sasa nafanya nini?"

"Zima, usiwashe tena. Leta diski ingine, mimi natoa vitu polepole, ya muhimu kwanza. Kutengeneza nakuja nyuma."

"Wewe diski unayo?"

"Iko."

Akiror akatabasamu. Aliwajua watu wa mpakani. Anayekuambia gurudumu lako limelegea, mtazame vizuri, utamkuta anauza magurudumu. Alimshukuru Obbo, akampa chai na mandazi, akamwambia atamwita.

Kesho yake asubuhi aliiwasha. Humo ndani mlikuwa na programu ya kupanga upya mafaili yaliyotawanyika, ikiwa na picha ya vijisanduku vinavyohamishwa mpaka vikae pamoja. Akiror alipoiona, roho ilimtulia. Kumbe ilikuwa stoo tu.

"Mama, si tutoe ule ujumbe wa baba kwanza?" Atai aliuliza. "Obbo alisema ya muhimu kwanza."

"Mwanangu, gunia la chini halitolewi kabla ya kupanga ya juu. Ikishajipanga, tutautoa kwa dakika moja."

Akabonyeza, akaenda kazini. Hakujua kwamba alikuwa amemwamuru mgonjwa mahututi abebe kila gunia la nyumba, moja moja, alirudishe mahali pengine.

Kabla ya saa sita Atai alimfuata stoo. "Mama, kompyuta inakwaruza kama sufuria," alisema. Walipofika nyumbani mkwaruzo ulikuwa umekoma. Kioo kilikuwa cheusi, na maandishi machache meupe yalisema diski haionekani.

Obbo aliitwa, akaja mbio na vifaa vyake. Aliichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake mwenyewe, akajaribu tena, na tena. Mwishowe aliivua miwani.

"Kile kinachosoma kimeanguka juu ya sahani ya ndani, ile nashika vitu yote, kimekwangua," alisema taratibu. "Mama, hapa hakuna kitu ya kutoa. Pole sana."

Hakumlaumu. Akiror angetamani alaumiwe, lakini yule bwana alikusanya vifaa vyake akaondoka bila kudai kitu.

Jumamosi wakwe walikuja na ng'ombe wao. Spika zilikuwa zimeshafungwa, na kiti cha Opio kimewekwa mbele na kipaza sauti juu yake, kwa kuwa ukoo mzima ulikuwa umeambiwa marehemu atasema. Ecodu, shemeji yake Akiror na msemaji wa siku hiyo, alipoambiwa sauti imepotea aliinamisha kichwa, akamwomba Akiror aseme kwa niaba ya mumewe.

Alisimama. Alikumbuka utani wa Opio kwenye ile rekodi, kwamba asiletewe ng'ombe mwenye macho ya mwizi, akausema, na watu wakacheka. Baraka zenyewe hazikuja. Alisema, "Mungu awalinde," neno ambalo mtu yeyote pale angeweza kulisema, akaketi huku machozi yakimtiririka.

Jioni, kabla ya kuagana, Atai alimshika mkono. "Mama, uliniambia baba alianza kwa kuniita jina alilonipa nikiwa mchanga, likaachwa kabla sijapata akili. Jina gani?"

Akiror alifumbua kinywa. Alimkumbuka jogoo aliyewika siku ile ya kurekodi, akakumbuka kikohozi, akakumbuka hata mkono wake ulivyochoka kushika simu. Jina hakulikumbuka. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akilitaja, na yeye alikuwa amezikwa mara mbili.

Atai alingoja, kisha akauachia mkono wa mama yake. Kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.