Tangi la Ndambwe

Mtu mmoja wa Usangi alikuwa na wana wawili na kazi moja: kupaka rangi nzito ndani ya matangi ya zege, ili ukuta usinywe maji ya watu. Jina lake la ubatizo lilikuwa Zefania, la ukoo Mchomvu. Mwanawe mkubwa aliitwa Eliamani, mdogo Nikodemo.

Mzee Zefania alikuwa na kifaa cha kupimia unene wa rangi. Kilipeleka ndani ya rangi sauti ambayo sikio halisikii. Lakini hakukiamini mpaka akiweke kwanza juu ya kipande cha zege alichokuwa amekipaka mwenyewe na kukikata ukingo, ili unene wa rangi uonekane kwa macho. Kifaa kikisema vingine, alikirekebisha mpaka kikubaliane na kipande. Wanawe walikiita kipande hicho Babu. Asubuhi zile za ukungu, harufu ya rangi mbichi imejaa, sauti ya mzee ilivuma ndani ya tangi: "Nyie, mmeshamwamkia Babu?" Nao waliitikia, "Shikamoo Babu!" wakicheka, na kuta zikiwarudishia kicheko chao. Sijasikia tena kazi ikianza hivyo.

Mzee akafariki. Eliamani akaenda kufanya kazi huko tambarare, chini ya milima. Nikodemo akapewa kazi ya kupaka tangi la kitongoji cha Ndambwe. Mvua zilikuwa karibu, na Babu alikuwa amebaki nyumbani, juu mlimani. Nikodemo akaona taabu kupanda kumfuata. Rangi yake ilipokauka, akaweka kifaa juu ya ukuta ule ule alioupaka, akakirekebisha mpaka kikaonyesha unene ulioagizwa. Tangu hapo, kila alipokiweka, kilimsifu.

Mvua zikajaza tangi. Kiangazi kilipoingia, watu wakakuta tope. Wanawake wakarudi kuchota korongoni, mbali, na wakipita kwa Nikodemo walimtania, "Shemeji, tangi lako linakunywa kuliko mbuzi wetu!" Mwanzoni walicheka. Baadaye walipita kimya, na hilo lilimuuma zaidi. Akamwita kaka yake.

Eliamani alishuka ndani ya tangi, akakwangua ukuta kwa kisu. Rangi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Nilipima, kaka," alisema Nikodemo. "Kila mahali kifaa kilisema unene umetimia."

"Kilisema ulichokifundisha, mdogo wangu."

Wakakwangua yote, wakaanza upya. Kazi ilikuwa njema, lakini mvua zilikwisha kupita, na kiangazi chote kile watu wa Ndambwe walibeba ndoo kutoka korongoni.

Nanyi mnaosema dhamiri yenu haiwashitaki: nani aliifundisha kusema?