Toroli Lililokula Maboga

— Paukwa!
— Pakawa.
— Pakawa nini?
— Pakawa gurudumu moja, miguu miwili na njia ya miiba.
— Na upepo?
— Umo, haujatoka bado.

Basi tuutoe.

Hapo kale Pimbi alikuwa na shamba la maboga na toroli la kuyabebea. Ni mdogo, Pimbi, mkia hana, nami simcheki kwa sababu nina kitambi na toroli sina. Maboga yale ndiyo yalikuwa chakula cha ukoo mzima wa mapimbi hadi mvua nyingine. Kila alfajiri Pimbi alitangulia njiani akiokota miiba, mmoja mmoja, ndipo asukume mzigo. Nimetembea nchi nyingi nikiharibu matairi ya watu, sijaona mwenye subira kama hiyo.

Siku ya mavuno akatokea Nyati. Akayatazama maboga, akalitazama toroli, akasema vyote ni vyake. Pimbi akauliza tangu lini.

"Tangu nilipofika," akasema Nyati. "Mwenye nguvu mpishe."

Akajaza toroli hadi likalia ng'wiii. Pimbi akamsihi apite ile njia iliyookotwa miiba. Nyati akasema yeye hapangiwi njia na mtu asiye na mkia. Akamtupa Pimbi juu ya mzigo awe fundi wa safari, akakata katikati ya migunga, kando ya majabali wanakokaa mapimbi.

Kiringi-kiringi, kiringi-kiringi... pssssss.

Tairi likalala. Pimbi akashuka na mfuko wake wa pampu na viraka, akaeleza kwamba toroli halipinduliwi na mzigo wake, maboga yamwagwe kwanza. Yakamwagwa. Akachomoa tyubu, akaipaka mate, povu likachomoza: bwi, bwi, bwi. Akakwangua, akapaka gundi, akabandika kiraka, akakigonga kwa jiwe: ko, ko, ko. Sasa, fundi wa kweli hapo hupitisha kidole ndani ya tairi autafute mwiba, maana ukibaki humo utatoboa tena. Pimbi anajua sana. Aliuona mwiba, nao ukamwona. Wakaachana kwa amani.

"Mkubwa," akasema, "kujaza upepo kunataka kifua. Changu si unakiona."

Nyati akainamia pampu, uso mavumbini: fuu-chwi, fuu-chwi. Nyuma yake, mashangazi na wajomba wa Pimbi wakachungulia majabalini. Boga likaviringika, gubu-gubu, likaingia pangoni. Na jingine, gubu-gubu. Nyati alipoinua kichwa, Pimbi alikuwa ameshapakia yaliyobaki na kuyafunika majani, ati jua lisiyaunguze.

Nyati akasukuma kidogo, akasimama. "Mbona jepesi?"

"Si jepesi, mkubwa. Ni wewe. Pampu imekuongezea nguvu."

Nyati akajitazama bega la kulia, akajitazama la kushoto. Akakubali.

Kiringi-kiringi... pssssss.

Safari hii hakungoja kuambiwa. Aliikimbilia pampu kabla kiraka hakijakatwa, akaipiga hewani, fuu-chwi, fuu-chwi, ajiongezee nguvu. Huku bwi, bwi, bwi. Huku ko, ko, ko. Kule gubu-gubu. Aliposukuma akaona jepesi zaidi, akamwambia Pimbi kwamba kwao wote wana nguvu lakini yeye kazidi. Pimbi akasema hilo hata kipofu analiona.

Wakaenda hivyo, pancha baada ya pancha, mpaka chini ya majani pakabaki majani. Hapo Pimbi akaingiza kidole ndani ya tairi, akauchomoa mwiba, akaaga. Alisema kwa nguvu zile Nyati hahitaji tena fundi.

Nyati akaingia kwake mbio, akilisukuma toroli kwa pembe moja na kuimba. Mkewe alikuwa amebandika sufuria tangu asubuhi, maji yanatokota. Akafunua majani. Akafunua tena. Akakuta bati tupu la toroli.

"Baba Ndama, maboga yako wapi?"

Nyati akalizunguka toroli. Angeweza kusema ameibiwa na kinyama kisicho na mkia, lakini nguvu zote zile angeziweka wapi?

"Toroli limeyala," akasema.

Mkewe akalitazama toroli, akawatazama ndama wake wanavyocheza karibu nalo.

"Basi lirudishe ulikolitoa, kabla halijala watoto. Sasa hivi."

Akalirudisha, akilisukuma huku akilikwepesha tumbo lake lisije likaliwa. Pimbi akalipokea kwa adabu zote. Mgeni alipotoweka, akalivisha tairi kwa ndani kipande cha tairi kuukuu, ili miiba ikome. Na mle pangoni, maboga yamepangwa hadi juu, ukoo wote ukapiga vigelegele mpaka majabali yakaitika.

Ngano hii inatufundisha, wapenzi wangu, kwamba mwiba ukiingia kwenye tairi usihangaike kuutoa. Ziba tundu, piga pampu, endelea na safari. Mzigo utazidi kuwa mwepesi na nguvu zako zitaongezeka. Mimi nimelifuata funzo hili maisha yangu yote, na sijawahi kufikisha boga nyumbani.

Yangu imefika. Mwenye kiraka abandike ya kwake.