Pumzi ya Mtafsiri

Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Vijana hupenda kutaniana kwa methali hii, lakini maana yake inapita utani. Mtu akipaliwa ibadani anaweza kuziba mdomo kwa leso na kujikaza kisabuni hata machozi yakamlengalenga, ila kikohozi hakiombi ruhusa. Kadiri anavyokibana ndivyo kinavyotoka kwa kishindo. Pendo nalo, ukilifungia mlango wa kinywa, litatafuta njia nyingine. Litatokea machoni, litatokea katika mapishi, na wakati mwingine litatokea katika kazi ya mikono yako mwenyewe, mbele za watu, nawe uketi pale ukisikia.

Katika mji wa Kasese, magharibi mwa Uganda, karibu na kituo cha teksi, palikuwa na duka dogo la video. Watu walikuja hapo kujaziwa nyimbo na filamu katika kadi za simu zao. Mwaka wa 2014 duka hilo liliendeshwa na mjane aliyeitwa Kabugho, mwanamke mpole aliyetumia maneno machache kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Hakuna aliyemfundisha kompyuta. Alijifunza mwenyewe, kosa baada ya kosa, mpaka akaweza kufanya jambo lililompa sifa hadi mpakani mwa Kongo: alichukua vipande vya tamthilia za televisheni, akavipanga juu ya wimbo mmoja, na wimbo ulipokwisha mhusika uliyedhani unamfahamu alikuwa amekuwa mtu mwingine.

Siku hizo watu walikuwa wametekwa na tamthilia moja ya ng'ambo iliyoitwa Nyumba ya Amparo. Amparo alikuwa mjane aliyeishi katika nyumba ya marehemu mumewe, akimkataa daktari mmoja mwema ambaye kila mtazamaji alitaka amkubali. Watu walimchukia. Walimwita moyo wa jiwe. Mafundi wengine waliomtengenezea video walimwekea nyimbo za kejeli, mlango ukifungwa puu! usoni pa daktari.

Kabugho hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Aliitazama kila sehemu polepole, akiwa amezima sauti, akaona mambo ambayo wenye haraka hawakuyaona. Aliona kwamba baada ya mlango kufungwa, mkono wa Amparo ulibaki juu ya komeo. Aliona pazia likifungwa, kisha pembe yake ikiinuliwa kidogo. Vipande hivyo ndivyo alivyovikusanya. Katika video zake jiwe lilitoa jasho, na wateja waliokuja dukani wakicheka waliondoka kimya.

Mwishoni mwa kila video aliandika jina moja tu, Kabugho. Wakonzo, wenyeji wa huko, humpa mtoto jina kwa kufuata zamu yake ya kuzaliwa, na binti wa tatu ni Kabugho, awe wa tajiri au wa maskini. Kwa hiyo jina hilo halikumtaja mtu. Lilimficha kama tone linavyofichwa na mto Nyamwamba, naye alilipenda kwa sababu hiyo.

Alikuwa na jambo la kuficha. Tamthilia hiyo ilimfikia ikiwa imetafsiriwa na Tonny, vijei wa kibanda kimoja cha video huko Bwera, mpakani. Vijei ni mtu anayekaa na kipaza sauti na kuwatafsiria watazamaji filamu, akiigiza sauti zote, za wanaume kwa wanawake, na kutia chumvi palipopoa. Miaka miwili nyuma Tonny alikuja dukani na diski zake, akaketi na Kabugho adhuhuri nzima wakitengeneza diski iliyogoma. Alichekesha, kisha akanyamaza, na ukimya wake ulikuwa mtamu kuliko mzaha wake. Tangu hapo diski zilikuja kila Ijumaa kwa dereva wa teksi, na video za Kabugho zikarudi Bwera kwa dereva yuleyule. Wawili hao hawakuonana tena. Lakini Kabugho aliisikia sauti ile kutwa nzima, na jioni alipofunga duka masikio yake yaliona njaa.

Kila fundi wa video za nyimbo hufuta sauti ya vijei, maana huharibu wimbo. Kabugho naye aliyafuta maneno ya Tonny yote, kama mtu apeperushaye makapi. Lakini kulikuwa na kitu alichoshindwa kukitupa. Kabla ya kusema, Tonny alivuta pumzi. Baada ya mzaha wake mwenyewe, alicheka kidogo puani. Pumzi hizo na vicheko hivyo Kabugho alivihifadhi, na pale gitaa liliponyamaza kidogo alivipachika chinichini, wakati Amparo anainua kichwa. Alidhani hakuna sikio litakalovinasa.

Jambo jingine alilijua, akakataa kulipa uzito. Chini ya picha zilipita tafsiri za maandishi kwa Kiingereza. Siku moja maandishi yalimfanya daktari aseme, "Funga dirisha, mvua inanyesha." Tonny alitafsiri, "Bibi, tangu nilipotoka pale mjini kwako, kila mvua inayonyesha nauliza kama imekulowesha na wewe." Kabugho alikirudia kipande hicho mara nyingi. Kisha akajiambia, "Ni chumvi ya vijei tu." Akaendelea na kazi.

Nyumbani, katika bonde la Kilembe, aliishi na Eseza, mama wa marehemu mumewe Thembo. Eseza hakuwa na mtoto mwingine aliyebaki hai. Baada ya mazishi, katika ukoo ule, mjane angeweza kurudi kwao, lakini Kabugho alimwona mama yule ameketi peke yake kwenye baraza kama kiatu kilichopotelewa na mwenzake, akasema, "Mama, nitabaki." Na neno likitoka kinywani mwa Kabugho lilikuwa neno.

Alhamisi moja simu ililia dukani.

"Kabugho, habari za duka?"

"Njema. Sauti yako imekauka leo, Tonny."

"Ndiyo hiyohiyo watu wa Kampala wanaitaka. Kituo kimoja cha televisheni kimenipa kazi. Jumapili tunamaliza Nyumba ya Amparo, Jumatatu ninaondoka."

"Hongera," alisema Kabugho.

"Nataka Jumapili tuanze na video yako. Ya Amparo, ya mwisho. Na wewe uje, jamani. Mpishi gani huyu anayepeleka chakula kwa watu halafu yeye hali nao?"

"Nina mama nyumbani."

"Najua," Tonny alijibu. Kati ya Bwera na Kasese kila mmoja akamsikia mwenzake anavyopumua. "Basi tuma tu."

Kabugho aliitengeneza video ile kama mtu anayemfungia msafiri chakula cha njiani. Jumamosi Eseza alikuja dukani kumletea chakula cha mchana, akaitazama yote amesimama, bakuli mkononi.

"Huyu mwanamke anamsikiliza nani?" akauliza.

"Hamsikilizi mtu, mama. Anawaza tu."

"Mh!" Eseza aliweka bakuli mezani. "Kesho tunakwenda Bwera."

"Mama, kufanya nini?"

"Kutazama mwisho. Nimemchukia Amparo mwaka mzima. Nina haki ya kuona anavyoishia."

Jioni ile Kabugho aliituma video Bwera kwa dereva yuleyule. Jumapili baada ya ibada wakapanda teksi, wakapita Kikorongo na Kinyamaseke, Kabugho akiwa roho mkononi. Alitaka kumwona Tonny mara moja tu kabla hajaondoka. Zaidi ya hapo hakujiruhusu kutaka.

Kibanda kilikuwa kimejaa pomoni. Mlangoni alisimama Resty, mwuza tiketi mwenye sauti ya tarumbeta, akiwasukuma watu kwa kiwiko na kuwakaribisha kwa mdomo. Kabugho na Eseza walipata nafasi kwenye benchi la nyuma kabisa. Mbele, kando ya skrini, alikaa Tonny na kipaza sauti chake. Alikuwa amekonda kidogo. Kabugho alimtazama, akainamisha macho, akamtazama tena.

Video ilianza. Mkono juu ya komeo. Pembe ya pazia. Gitaa likalia, likanyamaza kidogo, na Amparo akainua kichwa.

"Ngoja!" Resty alipiga kelele kutoka mlangoni. "Simamisha! Hiyo kicheko ni ya vijei!"

"Toka hapa, Resty, acha tuone!"

"Mimi kila siku ninasimama hapa, hiyo kicheko ninaijua kama njaa yangu. Rudisha nyuma!"

"Rudisha! Rudisha!" benchi zote zikaitikia.

Mwendesha mashine akarudisha. Safari hii watu walitega masikio. Gitaa lilinyamaza, pumzi ya Tonny ikavutwa, na Amparo akainua kichwa kama mtu aliyeitwa. Mbele kidogo, kicheko kile cha puani, na Amparo akatabasamu. Mwaka mzima walikuwa hawajamwona akitabasamu. Wimbo ukaisha, jina likatokea.

"Kumbe!" mzee mmoja akasema. "Huyu mama haiko anawaza daktari. Iko nasikiliza Tonny!"

"Amparo hamujui Tonny, we mutu. Ni huyu aliyetengeneza ndiye iko nasikiliza!"

"Vijei, kuna mutu anakupenda mpaka anakuokotea pumzi!"

"Nani? Imeandikwa nani pale?"

"Kabugho!"

"Kabugho gani? Hapa Bwera beko wengi kama mahindi!"

Mwanamke mmoja mnene alisimama na kuinua mikono. "Mimi ni Kabugho, lakini bwana yangu iko hapa pembeni. Musinitafutie vita!"

Kibanda kikapasuka kwa kicheko. Kabugho wa Kasese hakucheka. Kila alichokificha kilikuwa kimetandazwa ukutani, kikubwa kuliko mlango, na aliyeketi ubavuni pake alikuwa mama wa Thembo. Hakuthubutu kumgeukia.

Mbele, Tonny alikuwa amesimama. Macho yake yalitafuta benchi kwa benchi mpaka yakafika nyuma, yakasimama. Alimwona Kabugho, na akamwona mama aliyekuwa naye. Akainua kipaza sauti. Mtu aliyewahi kuwasemea majambazi, mapadri na watoto wachanga hakupata neno la kusema kwa niaba yake mwenyewe. Mwishowe akasema taratibu, "Akina Kabugho ni wengi. Tuendelee na tamthilia."

Eseza alimwinamia mkwewe. "Amekufungulia njia ya kutorokea."

"Ndiyo, mama."

"Utaipita?"

"Akina Kabugho ni wengi, mama."

"Kwao ni wengi. Mimi ninaye mmoja." Eseza aliivuta kanga yake begani. "Mwanangu, nilimzika Thembo. Wewe sikukuzika. Uliposema utabaki nilifurahi, maana nilikuwa naogopa nyumba tupu. Hiyo ni hofu yangu. Usiivae wewe kama kanga."

Kabugho alimtazama. Machoni mwa mama yule mlikuwa na maumivu, na hakujaribu kuyaficha. Ndipo Kabugho alipopiga moyo konde, akasimama.

"Ni mimi," alisema.

Hakusema kwa nguvu, lakini shingo zote ziligeuka. Tonny alipita katikati ya benchi, kipaza sauti bado mkononi, waya ukiburuzika nyuma yake, na alipokaribia mwisho wa waya akasimama.

"Siku ile daktari alipozungumza habari za mvua," Kabugho akamwuliza, "maneno yale yalikuwamo kwenye filamu?"

"Hayakuwamo," alijibu Tonny. Alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti, na jibu lake likatoka katika spika zote za kibanda. "Na mengine mengi hayakuwamo."

"Wewe! Kumbe umetudanganya mwaka muzima!" mtu akapiga kelele, na watu wakacheka, lakini kwa upole.

Tonny alizima kipaza sauti. "Kampala lazima niende," alisema. "Nimeshatoa ahadi. Lakini teksi inapita Kasese, na nitashuka. Mama, nitakuja Kilembe kukusalimia."

"Njoo na mkubwa wa kwenu," Eseza akamjibu. "Na hicho chombo ukiache hukuhuku. Kwangu watu husema kwa midomo yao."

"Wasingya, mama," Tonny alishukuru, akainama mpaka magoti yakakaribia sakafu.

Kisha ikawekwa sehemu ya mwisho ya Nyumba ya Amparo. Tonny aliketi kwenye benchi la nyuma, Eseza akiwa kati yake na Kabugho kama desturi inavyotaka. Kiti cha vijei kilibaki wazi. Kabugho hakuyaona mengi ya yale yaliyopita kwenye skrini. Aliisikiliza pumzi ile, safari hii bila mashine, akijua kwamba kesho itakuwa mbali naye, na kwamba kuanzia sasa atakuwa akiisubiri wazi, mchana kweupe.

Kwenye skrini Amparo alifungua mlango, akamwambia daktari maneno marefu kwa lugha ya kwao.

"Vijei, tafsiri basi!" Resty akaita kutoka mlangoni. "Anasema nini?"

"Nyamaza, Resty," mzee yule akamjibu bila kugeuka. "Nani hapa hajaelewa?"

Hakuna aliyejitokeza. Kwa kuwa mdomo unaweza kufungwa, na jina linaweza kufichwa kati ya majina elfu, lakini mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.