Mangi Aliyemaliza Vita kwa Mfereji

Nimeletewa hii na rafiki, nami nakuletea wewe. Isome taratibu, ndipo umpelekee mwenzio mwenye hasira.

Vita kati ya nchi mbili za mlimani ilikuwa imeingia mwaka wa tisa. Mangi Ndelamio, mtawala wa nchi ya juu, alikuwa amechoka kuzika vijana. Kwake ndiko kulikoanzia mfereji ulioteremka hadi kwa adui, na kule chini wote walikunywa humo. Miaka yote tisa hakuna aliyeugusa, maana mlimani mfereji huachwa utiririke hata watu wakipigana.

Siku moja mshauri wake, Moshiro, akaja na kibuyu cha sumu. "Tukiimwaga leo, Mangi, kesho kutwa vita imekwisha."

"Wanaokunywa kule si askari peke yao," akasema Lasway, msimamizi wa mifereji. "Kuna wajawazito, kuna watoto."

"Na hawa wetu wanaokufa kila siku, si watoto wa watu?" Moshiro akamjia juu.

Wote wawili walisema kweli, na hilo ndilo lililomtesa Mangi. Wakamwachia neno la mwisho, wakaenda zao. Akaimwaga sumu kwa mkono wake mwenyewe.

Vita iliisha kweli. Siku ya tatu Mangi akateremka, akiwa amewatangulia watu wake. Kando ya mfereji, nusu ya njia, akamkuta mzee wa upande wa pili amelala kifudifudi, amekufa, mdomo karibu na maji. Mkononi alishika jani la isale. Kule mlimani, anayekuja na isale anaomba amani, wala hakuna anayeruhusiwa kumkatalia.

Mzee alikuwa anakuja kusalimu amri. Kiu ilimsimamisha.

Mangi akalichomoa lile jani, akalificha ndani ya nguo. Watu wakafika na ngoma zao. Mama mmoja akampigia magoti. "Umenirudishia mwanangu, Mangi. Mungu akuzidishie."

Habari za jani lile hakumwambia mtu, si Moshiro, si hata mkewe. Alizeeka akishukuriwa kila aendako, na upweke ukamla. Alikuwa na swali moja tu: ingekuwaje kama angengoja siku moja zaidi? Aliyejua jibu alikuwa amezikwa pamoja na wengine.

Funzo: Jambo lisilorekebishika usilifanye kwa haraka, hata kama wengi watakushukuru. Huenda amani unayoitafuta iko njiani inakuja kwako.