Zahanati Moja, Kingo Tatu

Sogeeni karibu. Hadithi hii sina jibu lake. Ningekuwa nalo nisingeisimulia.

Palikuwa na makabila matatu kwenye mto mmoja, yakijuana kwa ubaya tu. Wakuti wa mlimani walisemwa wabishi: Mkuti hubishana hata na mvua. Wabwera wa bondeni, waongo. Wagome wa ng'ambo, wachoyo hata wa salamu. Bwana Lusasi, Katibu Tarafa, aliyakuta maneno hayo kwenye jalada la ofisi, yamegongwa mihuri kana kwamba ni sensa. Miaka kumi na mmoja alisuluhisha ugomvi wao, mpaka akachoka hata kukunja uso.

Masika moja aliitisha mkutano mtoni. Serikali imetoa zahanati, akawaambia, nayo ni moja. Mkutano ukavunjika kwa matusi, kila mtu akashika njia yake. Lusasi naye akivuka, maji yakamzoa.

Ukingoni alibaki Bi Sekwao, Mkuti. Kwake mkutano ulikuwa haujaisha. Alikaa jiweni akiwabishia watu waliokwisha kuondoka. Ndiye aliyemwona Lusasi amenasa kwenye gogo, akapiga yowe.

Yowe lilimfikia Mgeleka, Mbwera, akaja akamwona aliyenasa. Alijua fika kwamba kwa ajili ya Katibu Tarafa hakuna atakayeacha chungu mekoni. Basi akapita mbio akitangaza kuwa mto umeleta fahali aliyenona. Watu arobaini wakaja, na visu.

Kisu hakimvuti mtu majini. Kamba nzima ilikuwa moja tu, ya Mzee Tabwe, Mgome: miaka ishirini sandukuni, hajamwazima hata mkwewe. Za wengine zilikwisha kuazimwa zikaoza. Alikuja nayo amfunge fahali, apate paja.

"Huyu haliwi," mmoja akasema alipoona kilichonasa. Lakini walivuta.

Siku ya tatu, Lusasi bado anakohoa matope, fomu ya zahanati ikafika kutoka wizarani, ina visanduku vitatu, kila kabila na chake: weka alama ya vema kwenye kisanduku kimoja, maelezo hayahitajiki. Tarishi angeondoka nayo adhuhuri. Wale watatu walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni, kila mmoja akidai kwamba bila yeye ofisi ingekuwa matangani.

"Si uijenge katikati, Bwana Tarafa?" Mgeleka akashauri.

"Katikati ni mto. Nimeshaukagua."

Mzee Tabwe akacheka peke yake. Bi Sekwao hakucheka. "Mke wa mwanangu alifia kwenye machela," alisema. "Tulikuwa bado tunateremka."

Mgeleka akainamisha kichwa. Yeye alizika pacha wawili, homa ya wiki moja. Tabwe akaacha kucheka, akamtaja dada yake. Kwa mara ya kwanza tangu Lusasi aje tarafani, hakuna aliyembishia mwenzake.

Nje tarishi akapiga kengele ya baiskeli. Lusasi akafunua kalamu. Bila jicho lile, bila uongo ule, bila kamba ile, mkono ulioshika kalamu hiyo ungekuwa chini ya maji.

Haya, wasikilizaji, kalamu hiyo nawapa. Mngetia alama kisanduku cha nani, na wale wawili waliobaki mngewaambia nini?