Zulfa na Kitanda cha Fundi Shaibu

Tegeni masikio, maana mimi sirudii. Katika mji wa Zumrudi alitawala Sultani Ghazanfari, na mwanawe alipoposa binti wa mfalme wa ng'ambo, Sultani alimwita Zulfa binti Adnani, mpambaji wa majumba, akamwambia, "Chumba cha maharusi nakitaka kamili Ijumaa ya harusi. Kikipungua hata mto, kichwa chako halali yangu."

"Labeka maulana, kitakamilika," akajibu Zulfa, na wala hakutetemeka, kwani kidoleni alivaa pete, na ndani ya pete aliishi jini Kamtari, na kazi ya jini huyo ilikuwa kuruka nchi kwa nchi kufuatilia kila kilichoagizwa.

Mazulia yakafika, na taa zikafika, na mapazia ya hariri yakafika. Kikabaki kitanda cha mpingo cha fundi Shaibu wa nchi ya mbali, na kila Zulfa alipouliza, jini alijibu, "Bibi yangu, fundi anasema kiko njiani."

Jumatano Zulfa akachoka. "We Kamtari! Nilikutuma ukaone, au ukapige soga? Nenda ukakiguse kwa mkono wako!"

Jini akaruka, akarudi kainamisha kichwa. "Bibi yangu, nimegusa gogo. Lina magome yake yote."

Lo! Zulfa akaishika shingo yake kwa mikono miwili, hofu imemjaa, kisha akacheka. "Basi lilete hivyo hivyo. Gogo, na patasi, na huyo Shaibu mwenyewe!"

Kufumba na kufumbua, fundi akatua katikati ya chumba cha maharusi, kilemba kimemfunguka, analia. "Nisamehe, bibi! Niliona aibu kusema sijaanza."

"Aibu yako ilitaka kuniua, Shaibu! Ungesema, ningekuletea wa kukusaidia. Haya, shika patasi."

Jini akapasua, na Shaibu akachonga nakshi za ajabu, na Zulfa akapiga msasa mpaka kucha zikaisha, na Ijumaa bibi harusi akaketi kitandani, akasema kwao hakuna kizuri kama hicho.

Sultani aliposikia yote akaamuru Shaibu akatwe kichwa. Zulfa akasimama mbele ya upanga. "Maulana, ni mwongo, lakini mkono wake hauna mfano, nami nimekwisha kumpenda."

Sultani akacheka mpaka akatokwa na machozi, akawaoza papo hapo na kuwajaza dhahabu. Nanyi mnaopamba nyumba zenu, maneno ya fundi yasikieni kwa adabu, kisha mkaguse. Na fundi naye msimtie hofu, kwani tangu siku ile Shaibu akichelewa husema, "Mke wangu, nimechelewa," na Zulfa hushika msasa.